Mtu wa Tano

Mwenye kutaka kujua jinsi mji unavyosafishwa asiende kuuliza ofisini. Ofisini watamfungulia daftari na kumwonyesha kwamba kila kipande cha barabara kina wafagiaji watano, majina yao haya hapa, sahihi zao hizi hapa. Barabarani atakuta wanne. Wa tano ni kizibao cha rangi ya machungwa kilichotundikwa kwenye mkono wa toroli. Nyapara akipita saa kumi na mbili asubuhi hukitazama kile kizibao, huutazama mtaro ulivyo safi, kisha hutia vema tano na kwenda zake kunywa chai.

Haukuwa wizi, ingawa baadaye uliitwa majina ya kila aina. Kipande cha kuanzia mzunguko hadi soko la mitumba kilikuwa na wanawake watano, na kila siku mmoja alipumzika kwa zamu huku wanne wakibeba sehemu yake. Anayepumzika alikwenda kufulia watu nguo, au kumpeleka mgonjwa hospitali, au kulala tu kama binadamu. Mama Pacha alipojifungua wale pacha wake, wenzake walimfagilia wiki sita mfululizo, na kizibao chake hakikukosa kazini hata siku moja.

Aliyebuni hila ya kizibao, ambayo vipande vingine vyote viliiga, alikuwa mke wa fundi viatu. Alikuwa na miaka kumi na moja kwenye ufagio, mume mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na binti mmoja aliyemaliza chuo miaka mitatu nyuma. Binti huyo mtaa mzima ulimwita Msomi. Mwaka wa kwanza walimwita hivyo kwa heshima, mwaka wa pili kwa mzaha, na mwaka wa tatu kwa mazoea.

Kwa hiyo siku Msomi alipoingia ndani na barua mkononi, mama yake aliacha sufuria jikoni ikachemka mpaka ikakauka.

"Karani wa utafiti," Msomi alisoma. "Wiki sita. Tuko kumi na wawili, na mwishoni watabakiza watatu."

"Wanatafiti nini?" aliuliza baba yake. Alikuwa ameketi mlangoni na kiatu mapajani, akishona kwa kupapasa.

"Kazi za mjini, baba. Nani anafanya kazi gani, kwa saa ngapi, analipwa nini, na fedha za jiji zinakwenda wapi."

"Zinakokwenda sijui. Ila waambie hapa hazijafika, wasihangaike kuzitafuta."

Walicheka wote watatu. Mama akachukua kile kiatu mapajani mwa mumewe, akakigeuza, akaona uzi mweupe umeshonwa kwenye ngozi nyeusi. Alikificha chini ya meza ili akifumue baadaye. Wiki ile ile mteja mmoja alikuwa amemrushia fundi kiatu chake kifuani, akamwambia aende akafanye kazi ya kuombaomba, kwa kuwa hiyo haihitaji macho.

"Bado miezi miwili, tarehe kumi na nne," alisema fundi, kama alivyosema kila siku. Ndiyo tarehe ya upasuaji. Walikuwa wameingoja miezi minane, na ingelipiwa na kadi ya bima ya mke wake, kadi ya jiji, ambayo mama aliifunga kwenye pindo la kanga hata akienda kuoga. "Nikifunguliwa macho, Msomi, kitu cha kwanza naisoma hiyo barua yako. Cha pili namtafuta yule mwenye kiatu."

*

Wiki ya tano, Profesa aliwaita makarani wote ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyependa kupandisha hata kope. Katika maisha yake hakuwa amemtukana mtu, na hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

"Kuna jambo haliniingii akilini," alisema. "Daftari la jiji lina wafagiaji watano kwa kila kipande. Ninyi mmehesabu barabarani, mmekuta wanne. Kila kipande. Nani ana maelezo?"

"Wafanyakazi hewa," alijibu karani mmoja mwenye miwani, haraka haraka. "Mtu wa tano hayupo, nyapara anakula mshahara wake."

"Nami nilielekea huko," alisema Profesa, akachukua kalamu. "Basi tutaandika hivyo, na jiji liwaite polisi."

Msomi aliiona sura ya mama yake mbele ya polisi. Akaona pia, na hili tusilifiche, viti vitatu vya wale watakaobakizwa, na yeye amekalia kimoja.

"Si hewa," alisema. Wote wakamgeukia. "Mtu wa tano yupo kweli, ila wanapumzika kwa zamu. Wanne wanafanya kazi ya watano ili mmoja apate siku. Hakuna anayeiba. Wamejipanga wenyewe, bila nyapara kuwafundisha, na barabara ni safi kuliko hata ofisi hii."

Profesa alitua kalamu. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano alimtazama usoni. "Hii ni nzuri sana," alisema. "Hii ni nzuri sana. Kwa hiyo wanne wanatosha?"

Jibu la swali hilo lilikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema wanne wanajiua. Angeweza kusema mama yake akirudi jioni hawezi kunyoosha mgongo mpaka akandwe kwa maji ya moto. Lakini alikuwa amejaa fahari, na fahari ikamtangulia.

"Wanatosha kabisa."

"Umejuaje?"

Chumba kilikuwa na watu kumi na wawili waliovaa mashati ya pasi. "Nimewachunguza," alisema Msomi.

*

Profesa alitaka kujionea. Kesho yake asubuhi alimchukua Msomi kwenye gari na kumwambia achague kipande chochote. Msomi alichagua cha mama yake. Nasema alichagua, hakulazimishwa. Alijua ndicho kisafi kuliko vyote, na ilikuwa siku ya mama kufagia, si ya kupumzika. Tena ndani kabisa ya moyo alitaka mama amwone akishuka kwenye gari.

Mama alimwona. Aliegemea ufagio wake, akamtazama mwanawe katika shati jeupe, kishikwambi mkononi kama daktari, na mdomo ukaanza kufunguka kumwita. Msomi akainamisha macho kwenye kioo. Mama akaelewa. Akaufunga mdomo, akajifuta jasho kwa kiwiko, akageuka mtu baki papo hapo, kama vile hakumzaa. Wala hakuona ubaya. Mtoto yuko kazini, alijiambia, na kazini hakuna mama.

"Habari za kazi, mama," alisema Msomi, kwa sauti ile wanayosalimiwa nayo akina mama wote wa barabarani.

"Nzuri, mwanangu. Karibuni."

"Huyu ni Profesa. Angependa kujua mnavyofanya kazi. Naona mko wanne, na kizibao kimoja kiko pale."

Kofia, mwenzao mrefu asiyevua kofia yake ya sufu hata kwenye jua kali, alikohoa. Alikohoa tena, kikohozi cha mtu asiye na kifua. Hakuna mfagiaji aliyewahi kumwambia mkubwa yeyote siri ya kizibao. Nyapara mwenyewe aliijua kwa kutoiuliza. Mama alikisikia kile kikohozi vizuri sana. Lakini aliyemuuliza ni mwanawe, mbele ya mkubwa wake, na mama asingemwaibisha kwa kujifanya hajui.

Akaeleza yote. Akaeleza jinsi wanavyogawa mita, nani anaanza na mtaro, nani anasukuma toroli, jinsi wanavyomaliza kabla maduka hayajafunguliwa. Akaeleza habari ya Mama Pacha na wiki zake sita, na akina mama wale wengine wakawa wanatazama chini. Profesa aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Kila alipoandika, mama alimtupia mwanawe jicho kuona kama amefurahi, na akaona amefurahi, akaongeza chumvi.

"Kwa hiyo watu wanne si wachache?" aliuliza Profesa.

"Wachache wapi, mzee wangu! Hata tukiwa watatu, barabara hii hutaokota karatasi."

Profesa alimshukuru kwa mikono miwili. Gari lilipoondoka, Kofia alitema mate mtaroni.

"Umemaliza kutuuza?" aliuliza.

"Nani kakuuza? Yule ni..." Mama akaikata sentensi. Kisha akashindwa, kwa furaha, kuimeza. "Yule ni binti yangu."

"Tunamjua," alisema Kofia. "Yeye ndiye hakukujua."

*

Taarifa za watafiti kwa kawaida hulala kabatini mpaka panya wazisome. Hii haikulala. Ulikuwa mwezi wa bajeti, jiji linatafuta pa kupunguza, na mbele yake pakaletwa ukurasa mmoja uliosema kwa lugha ya adabu kwamba usafi wa barabara hautapungua hata chembe wafagiaji wakipunguzwa mmoja katika kila watano. Hakuna mtu aliyeitwa mwizi. Polisi hawakuitwa. Profesa aliwasifu wanawake wale kwa ustadi wao, na kwa sifa hizo wakapunguzwa.

Nyapara alileta barua tarehe mbili, akaisoma bila kuinua kichwa.

"Kila kundi libaki na wanne kuanzia leo," alisema. "Na kwa kuwa mnajua kupangana wenyewe, jiji limeona mchague wenyewe wa kutoka. Nipeni jina kabla sijaondoka."

Akasimama kando akachezea kalamu. Wanawake watano walibaki wamezunguka toroli. Siku ile hakuna aliyepumzika, kwa kuwa nyapara aliwataka wote.

"Tufanye kura," alisema mama. "Tuandike vikaratasi."

"Kura ya nini?" alisema Kofia. "Mimi nina wajukuu wanne. Huyu ana pacha. Yule mumewe alishakimbia. Wewe una msomi nyumbani, anapanda gari la ofisi. Sisi wa kwetu wanapanda miti."

"Mwanangu ana kazi ya wiki sita!" mama alisema. "Na mume wangu anapasuliwa macho tarehe kumi na nne. Siku kumi na mbili tu. Nipeni mwezi huu, nyie mnanijua, nipeni mwezi huu mmoja, mwezi ujao nitatoka mwenyewe."

"Anayekubali atoke huyu, anyooshe mkono," alisema Kofia.

Mikono miwili ilinyooka hapo hapo. Mama alimgeukia Mama Pacha. Hakumkumbusha kitu, wala haikuhitajika. Mama Pacha alikuwa ameinama anatazama viatu vyake, viatu ambavyo fundi alimshonea bure, na alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka nyapara akatazama saa. Kisha naye akanyoosha mkono, juu kidogo tu ya sikio, kama mtoto asiye na uhakika wa jibu.

Mama alivua kizibao. Alitaka kukikunja, Kofia akakipokea, akakitupa ndani ya toroli juu ya takataka. "Sasa hatutakihitaji tena," alisema, kwa maana alijua kwamba zamu ya kupumzika nayo imekufa siku ile ile.

*

Mama hakusema kitu nyumbani. Aliendelea kuamka alfajiri, akatoka, akazunguka mitaa ya watu kuomba nguo za kufua mpaka jua likapanda, akarudi saa zile zile. Alikuwa na tumaini moja la kijinga: kwamba jiji lenye mikono mizito kwa kila kitu lingekawia pia kuifunga kadi yake. Tarehe kumi na nne alimtuma Msomi ampeleke baba yake hospitali. Alisema ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba hakuwa na uso wa kusimama pale dirishani.

Fundi alivaa shati la harusi. Foleni nzima alisimulia watu, aliowaona kama vivuli, kwamba leo ndiyo leo.

Karani wa dirishani aliingiza kadi kwenye mashine, akaitoa, akaifuta kwenye sketi, akaiingiza tena.

"Imefungwa," alisema.

"Ifungue, mwanangu," alisema fundi kwa ucheshi. "Nami nimekuja kufunguliwa."

"Mzee, haifunguliwi hapa. Mwenye kadi hayupo tena kazini. Ameondolewa tarehe mbili. Kuna watu nyuma yenu."

"Umekosea jina," alisema Msomi. "Mama yangu ni mfagiaji wa jiji. Angalia vizuri. Mama yangu!" Alilitamka kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia, na ambayo wiki tatu nyuma ingefaa zaidi pale ofisini.

Karani akageuza kioo waone. Pale penye jina la mama yake paliandikwa: *amepunguzwa, utekelezaji wa mapendekezo ya utafiti*. Msomi alisoma mara moja, akakaa chini sakafuni, shati jeupe na yote.

"Imeandikwaje?" aliuliza baba yake. "Nisomee basi. Msomi? Nisomee."

"Wamesema turudi siku nyingine, baba."

"Tarehe ngapi?"

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na baba mkono begani mwake, na njia nzima fundi alikuwa akimuuliza tarehe.

Mama alikuwa uani anafua mashuka ya watu. Msomi alisimama mbele ya beseni, akalia waziwazi. "Mama, sikujua. Nilikuwa nawatetea. Walitaka kuwaita wezi, mimi nikawatetea."

"Najua," alisema mama, akiendelea kufikicha. "Nami nilikuwa nakutetea wewe. Sogea kidogo, unanizibia jua."

*

Msomi alibakizwa. Katika wale watatu jina lake lilikuwa la kwanza, na Profesa alimpa mkono. Awamu ya pili ya utafiti ilikuwa kuwafuatilia waliopunguzwa, kaya kwa kaya, ili ijulikane soko la ajira linawapokea vipi. Kila atakayejibu angepewa mche wa sabuni kwa kupoteza muda wake.

Alipopewa orodha, kaya ya saba ilikuwa kwao.

Kanuni ilisema karani hahoji ndugu yake. Ilitosha kwenda kwa Profesa na kusema: huyu ni mama yangu. Lakini Profesa angeuliza tangu lini, na jibu la swali hilo lingeondoka na kazi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilipa vyumba viwili, kwa kuwa nguo za watu zilinunua unga tu. Akazunguka na ile kaya ya saba siku nne. Siku ya tano, saa tisa alasiri, aliketi kwenye kigoda ndani ya nyumba alimozaliwa, akawasha kishikwambi.

"Tunaweza kujijazia tu, mama. Majibu nayajua."

"Hapana," alisema mama. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. "Uliza kama unavyowauliza wengine. Si mlifundishwa hivyo?"

Kwa hiyo akauliza. Umri. Elimu. Idadi ya watu wanaolala hapa. Je, kuna mwenye ulemavu?

"Yupo," alisema fundi kutoka mlangoni, kiatu mapajani. Sasa hata mchana alikuwa haoni vivuli vizuri, na wateja walileta viatu kwa huruma kisha hawakurudi kuvichukua. "Andika mmoja. Ila andika ni wa muda, nina tarehe yangu."

Msomi aliandika mmoja. Sehemu ya kuandika wa muda haikuwepo.

"Katika siku saba zilizopita, umetafuta kazi?"

"Kila siku."

"Uliacha kazi yako ya mwisho kwa sababu gani? Nakusomea. Moja, mwajiri alipunguza wafanyakazi. Mbili, ugonjwa. Tatu, ugomvi kazini. Nne, nyingine, eleza."

Mama alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Nne," alisema.

"Mama, ni moja. Mwajiri alipunguza. Hilo ndilo jibu, nimeandika moja kwa wote."

"Anayejibu ni nani? Andika nne."

Msomi akabonyeza nne. Kikafunguka kisanduku cheupe, na chini yake kitufe cha kuendelea kikageuka kijivu. Hakikubali kuendelea mpaka kisanduku kijazwe.

"Nne ni nyingine, eleza," alisema. "Unieleze, niandike."

"Eleza wewe," alisema mama.

Fundi alisimamisha sindano akasikiliza. "Kwani swali gumu?" aliuliza.

Mama aliuvuta mche wa sabuni uliokuwa mezani, akaunusa, akauweka karibu na beseni lake, kisha akarudi kukaa mbele ya mwanawe na kumtazama. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukaa saa tisa alasiri bila kuharakisha kitu. Siku ile alikuwa na muda wote.